"Seldom" na Mlinzi wa Lango la Murabba

Vijana mnaokuja kuniuliza habari za Saudia huanza na joto. Mzee Barasa, joto la huko likoje? Joto halina siri. Ukiegesha gari unafunika usukani kwa taulo, na ukirudi hushiki mkanda wa kiti kwenye chuma chake. Maji unakunywa kabla kiu haijakujia. Basi, joto limekwisha. Jambo ambalo hakuna kijana amewahi kuniuliza ni wivu, na huo ndio ulionitoa Riyadh ukanitupa Jeddah.

Nianze kwa kuwaambia mnamsikiliza mtu wa namna gani. Mimi ni wa kwanza katika watoto wanne. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nami nilikuwa darasa la sita. Niliweka madaftari yangu juu ya kabati na sikuyashusha tena. Nikawa utingo, nikaosha magari, nikajifunza kuendesha lori la miwa hapa Webuye, na wadogo zangu wote watatu wakamaliza shule. Patrick alifika chuo kikuu. Kila mmoja wao alipovaa sare mpya nilifurahi mbele za watu, halafu nikienda nyuma ya nyumba nilinuna. Nimemwonea wivu ndugu yangu niliyemsomesha mwenyewe. Nikimpigia simu kutoka Riyadh nikaweka neno la Kiingereza, alinirekebisha kabla hajanijulia hali.

Kule niliendesha basi la viti ishirini na tisa, la kubeba wauguzi kutoka hosteli yao iliyokuwa Murabba hadi hospitali moja upande wa kaskazini. Aliyenifundisha basi lile ni mzee wa Kerala, kusini mwa India, aliyeitwa Kutti. Watu wa Kerala husema Kimalayalam, lugha inayokwenda mbio kama maji ya bomba lililopasuka, na karibu wauguzi wangu wote walikuwa wa huko. Kutti alinifundisha kugeuza basi kwenye maegesho ya chini ya ardhi bila kugusa nguzo. Alinifundisha pia kujaza karatasi ya safari, ile ambayo dereva anaandika saa ya kuondoka, idadi ya watu na lolote lililotokea langoni.

"Andika ulichoona," aliniambia. "Usiandike ulichosikia. Usiandike unachotaka."

Wiki yangu ya kwanza niliandika watu ishirini na wawili nikaondoka, kumbe nilikuwa nimehesabu mikoba iliyowekwa vitini. Muuguzi mmoja alibaki chooni hospitalini hadi saa nane. Kutti hakunifokea. Alinitembeza katikati ya viti, akawa anagusa kila mkoba akiuuliza jina lake. Tangu siku ile nahesabu vichwa, na ninahesabu mara mbili. Kumbukeni hilo, maana kuhesabu ndiko kulikoniumbua baadaye.

Ni Kutti pia aliyewazoesha wauguzi kuniita chetta. Kwa lugha yao ni kaka mkubwa. Nyumbani ukaka mkubwa ulikuwa mzigo wa kubeba, lakini mle ndani ya basi wanawake ishirini waliosoma waliniita hivyo asubuhi na jioni, na nilikuwa nikikaa wima zaidi kwenye kiti.

Miongoni mwao alikuwako Sista Bindu wa wodi ya watoto, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na kikopo cha chakula cha chuma kilichopangwa ghorofa tatu. Mume wake na binti yake mdogo walikuwa Kerala. Alitaka kwenda Ireland, ambako wangeweza kukaa wote pamoja, lakini kwanza afaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Alikuwa ameanguka mara mbili. Katika mtihani huo wewe ni muuguzi, mtahini anajifanya mgonjwa, na unamhoji. Sasa barabara za Riyadh asubuhi ni msongamano mtupu. Tulikuwa na dakika arobaini. Sista Bindu akawa anakaa kiti cha nyuma yangu, yeye muuguzi na mimi mgonjwa.

Niliugua magonjwa yote ya kwetu. Kiingereza chetu kilichanganyika na Kiarabu cha kazini, lakini nawasimulia kwa Kiswahili.

"Chetta, leo unaumwa nini?"

"Mgongo. Nimebeba miwa."

"Jana pia ulibeba miwa."

"Ndiyo maana leo unauma."

Kilichokuwa kikimwangusha ni maneno ya mara ngapi. Mgonjwa anaumwa mara ngapi, anakunywa dawa mara ngapi. Kwa hofu ya mtihani alijibu na kuuliza kila kitu kwa "always". Basi aliyachora maneno yale kwenye daftari kama ngazi. Juu kabisa "always", halafu "usually", halafu "sometimes", chini yake "seldom", na "never" sakafuni. Kando ya kila neno aliandika la kwao kwa zile herufi zao za mviringo. "Always" aliipa eppozhum, "sometimes" akaipa chilappol. Mbele ya "seldom" paliendelea kuwa wazi kwa wiki mbili. Kamusi ilimpa neno la vitabuni ambalo, alisema, hata bibi yake angemcheka akilitamka.

Siku moja tumekwama nyuma ya lori la saruji, akaniuliza, "Chetta, yule ndugu yako wa chuo kikuu hukupigia simu?"

"Hupiga."

"Kila Jumapili?"

"Krismasi. Na akiwa na shida."

Akafungua daftari. "Vallappozhum," akasema, na akaliandika palepale. Alinieleza kwamba ni neno wanalolitumia kwa mvua ya kiangazi na kwa mjomba anayeishi mbali. Mara moja moja, bila ratiba. Hiyo ndiyo "seldom". Tuliipata pamoja, mimi na yeye, nyuma ya lori la saruji, kwa sababu ya Patrick asiyepiga simu.

Kulitumia ilikuwa kazi nyingine. Kwao uchache husemwa kwa kubandika "tu" mwishoni, kwa hiyo alisema "seldom only". Sisi uchache huusema kwa kukana, hapigi mara nyingi, kwa hiyo mimi nilitaka kulitanguliza "not". Tulisahihishana mpaka barabara ya mzunguko. Neno hili limeshiba, nilimwambia, usililishe kitu kingine. Liweke mbele ya kitendo, liache peke yake. He seldom calls. Alirudia mara kumi, na wauguzi wa nyuma wakaanza kurudia naye. Siku ile nilishuka garini nikijiona mwalimu. Mimi, wa darasa la sita.

Halafu akaja Wanjala.

Alikuwa mlinzi mpya wa lango la hosteli, kijana wa Kitale wa miaka ishirini na sita, kidato cha nne amemaliza na cheti amekitia ndani ya plastiki. Alinisalimia kwa heshima na kunijazia chupa ya maji bila kuombwa. Sikuwa na sababu yoyote ya kumchukia, na hilo lilinikera zaidi.

Asubuhi moja nilikuta tairi la nyuma limelegea. Tairi likagueni alfajiri kabla lami haijapata moto, maana likishapata joto hujaa na kuwadanganya. Nikalishughulikia, nikachelewa robo saa. Nilipofika langoni, Sista Bindu alikuwa dirishani kwa Wanjala, daftari limefunguliwa juu ya kizingiti.

Akapanda, akakaa kiti chake. Nikamwambia leo naumwa meno.

"Ngoja kidogo, chetta. Wanjala saar amenirekebishia kadi."

Niwaeleze neno hilo. Kerala, mwalimu huitwa saar. Si bosi wala afisa. Ni mtu aliyekufundisha kitu, na utamwita hivyo hata ukizeeka. Mimi nilikuwa chetta kwa miezi minane. Yeye alikuwa saar kwa robo saa.

Kwenye taa nyekundu nikaomba kuziona zile kadi. Mwandiko wa kalamu ya buluu, umelala upande mmoja, herufi zimeshikana mikono. Mwandiko wangu mimi husimama kila herufi peke yake kama watu wasiojuana.

"Anasema 'rarely' ni bora kwa mtihani," Sista Bindu aliendelea. "'Seldom' ni ya zamani."

"Ya zamani namna gani?"

"Ya wazee."

Niliwasha kipozahewa kikawa kinapiga kelele hadi hospitalini, ili mtu asiweze kusoma. Kesho yake nikaanza kufika langoni dakika kumi mapema, Sista Bindu asipate muda wa dirishani. Wauguzi walipanda wakiwa na chapati mkononi na nywele mbichi. "Chetta, saa yako imekimbia," walilalamika. Niliwajibu kwamba msongamano umeongezeka. Na nilihesabu. Kila nilipomwona pale dirishani niliweka alama kwenye kona ya karatasi yangu ya safari, alama ndogo ambayo hakuna mwingine angeielewa. Katika miezi miwili zilikuwa alama nne.

Kampuni iliyoendesha hosteli ilikuwa na sheria yake: mlinzi hazungumzi na wakaazi ila kwa shughuli za lango. Mtu alipeleka maneno ofisini. Sikuwa mimi, na hadi leo simjui. Lakini mudiri, yaani meneja wetu, aliniita mimi kwa sababu ndiye niliyefika langoni kila siku. Akanisukumia fomu ya Kiarabu na Kiingereza. Swali lilikuwa moja. Umemwona mlinzi akizungumza na wakaazi mara ngapi? Chini yake visanduku vitano, vimepangwa kama ngazi. Juu "always", sakafuni "never".

"Ukiweka katikati au chini, anapewa onyo," mudiri alisema. "Ukiweka viwili vya juu, halas, basi. Ikama, kibali chake cha kuishi hapa, inakatwa, anarudi kwao."

Nilijua Wanjala ana mama mgonjwa Kitale na wadogo wawili shuleni. Aliniambia mwenyewe akinijazia maji. Ngazi ile niliijua kuliko dereva yeyote wa Riyadh, na kisanduku cha kweli kilikuwa cha nne. Nilipeleka kalamu pale pale kwenye cha nne. Halafu nikauona ule mwandiko wa buluu, nikasikia "ya wazee", na mkono ukapanda. Nikaweka tiki kwenye "always".

"Shukran, Barasa," mudiri akasema. "Wewe mtu wa kuaminika."

Nikaenda nikaliosha basi ambalo lilikuwa safi.

Nasikia siku hizi karatasi ya safari iko kwenye simu, na fomu mnazijaza kwa kugusa. Kalamu yangu ilisafiri kutoka kisanduku cha nne hadi cha kwanza, na njiani ningeweza kuisimamisha. Kidole chenu hakisafiri. Jihadharini nacho.

Wanjala alipewa siku saba za kufungasha. Sista Bindu naye aliitwa akahojiwa, akapewa barua ya onyo, na mtihani wake ulikuwa umebaki siku tisa. Alipanda basi akakaa nyuma yangu bila kufungua daftari. Tulipovuka barabara ya mzunguko akasema, polepole, "Mtu ameweka 'always', chetta. Fomu nimeiona kwa macho yangu. Mimi nimekwenda kwenye lile dirisha mara ngapi? Tatu?"

"Nne," nikasema.

Lilinitoka. Mtu aliyezoea kuhesabu hukosoa hesabu ya mwenzake bila kufikiri. Nilitazama kioo cha ndani nikakuta macho yake yananingoja.

"Umejuaje ni nne?"

Taa ilikuwa kijani na magari ya nyuma yalikuwa yakinipigia honi. Nikakanyaga mafuta. Alichukua kikopo chake cha chakula, akainuka basi likiwa linatembea, jambo nililowakataza wote, akaenda kukaa kiti cha kumi na moja.

Siku ile niliendesha vibaya. Jioni nilipowashusha hosteli niliacha basi langoni nikaingia kwenye kibanda cha Wanjala. Alikuwa akinywa chai, sanduku lake limesimama kando ya mlango.

"Mzee. Gari lina shida?"

"Nataka uniandikie barua."

"Ya nani?"

"Ya mudiri. Kwamba nilidanganya juu yako."

Aliweka gilasi chini taratibu. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Na mimi nimemnunia yule mpishi wa hosteli siku tatu nzima, nikidhani ni yeye. Hadi chapati zake nimekataa." Akanitazama. "Kwa nini, mzee? Nilikukosea wapi?"

"Anakuita saar."

Alisubiri kama mtu anayedhani kuna sababu nyingine inayofuata. Hapakuwa na nyingine. Nilimwona akitaka kukasirika, kisha akitaka kucheka, na vyote viwili vikamshinda.

"Kwa hiyo uongo ni wako, halafu Kiingereza safi kiwe changu."

"Mimi siwezi kuandika barua ya ofisi."

"Andika hivyo hivyo. Mwandiko wangu wanaujua, mzee. Nikikuandikia mimi watasema nimekushikia kisu. Andika mwenyewe, nitakaa hapa."

Akanipa kalamu yake ya buluu. Niliandika nimepiga magoti, karatasi juu ya sanduku lake, herufi kubwa kubwa moja moja. Ilinichukua muda mrefu kuliko kufika hospitalini. Mpaka leo naikumbuka yote: I SELDOM SEE THEM. 4 TIMES. ALWAYS IS MY LIE. I WAS JELOUS.

Wanjala aliisoma akifuata kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye neno la mwisho.

"Hapa imekosa herufi."

"Ipi?"

"Wacha ikae hivyo. Nikigusa watajua nimegusa." Akaikunja, akanirudishia. "Lakini 'seldom' umeiweka vizuri."

Mudiri aliisoma asubuhi yake, akaniuliza kama nimepatwa na jua. Nikamwambia hapana. Akauliza kama najua ninachojifanyia. Nikamwambia ndiyo. Ikama ya Wanjala haikukatwa. Alipewa onyo, akahamishiwa lango la ghala nje ya mji, mahali ambapo wa kuzungumza nao ni madereva wa malori. Mimi kazi sikupoteza, maana dereva wa kugeuza basi kule chini ya ardhi hapatikani kwa wiki moja, lakini hawakutaka tena kuniona kwenye lile lango. Nikahamishiwa Jeddah, niondoke baada ya siku saba.

Jeddah ni habari nyingine. Nilikaa Hindawiya, chumba cha watu sita, na kila asubuhi niliwapeleka wafanyakazi wa usafi kwenye nyumba kubwa za Hamra kando ya bahari. Riyadh jua hukukausha, Jeddah hewa hukulowesha. Vioo hutoka jasho, na chumvi hula rimu msipoziosha. Kila gari limejaa simu za watu, na nyuma yangu dada za Kenya waliongea na mabosi wao kupitia simu inayotafsiri. Unasema Kiswahili, simu inatoa Kiarabu. Niliwaonea wivu hata hao. Mimi neno moja lilinichukua wiki mbili na lori la saruji.

Ni katika chumba kile cha Hindawiya nilipopata habari kwamba Sista Bindu amefaulu. Alinitumia ujumbe wa sauti. Mtahini, alisema, alijifanya mama anayesahau dawa, na yeye akatumia neno "rarely" bila kusita. Nilimpongeza. Halafu nilikaa kitandani nikiuma kucha kwa sababu ya "rarely". Leo yuko Ireland na mumewe na binti yake, na nasikia Wanjala amepanda cheo kule ghalani, ndiye anayeandika ripoti zote kwa ule mwandiko wake uliolala.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya safari yangu ya mwisho Riyadh, siku mbili kabla ya mtihani wa Sista Bindu. Kwa siku zote zile alikuwa amekaa kiti cha kumi na moja, na wenzake, ambao walishajua, waliniita dereva. Nilihesabu vichwa. Nikahesabu tena. Nilipogeuka kuwasha gari, nilisikia kikopo cha chuma kikiwekwa sakafuni nyuma yangu.

Tulikwenda hadi penye msongamano. Kisha nikasikia kurasa.

"Jina la mgonjwa ni nani?" aliuliza kwa sauti ya kazini, ile kavu.

"Barasa."

"Leo unaumwa nini?"

Nilifikiria mgongo. Nilifikiria meno.

"Wivu," nikasema.

Hakucheka. Nilisikia kalamu ikifunguliwa.

"Ulianza lini?"

"Nikiwa darasa la sita."

"Unaumwa mara ngapi?"

Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa ameinamia kadi, kalamu ikingoja kuandika jibu la mgonjwa kama anavyotakiwa, neno kwa neno.

"Always," nikamwambia.

Akaandika. Kisha akageuza kadi, akaniuliza dawa ninayotumia.